Dawa za mama zinalipwa na pesa za koneksheni

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Dodoma na mume wangu. Nakaa kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, napokea pesa na kuandika risiti. Baba alifariki zamani. Mama yupo Morogoro na mdogo wangu wa mwisho, kijana wa miaka 23. Naomba jina langu lisitoke, na ikiwezekana hata miji muibadilishe. (Imebadilishwa. Mhariri.)

Mama ana kisukari na presha. Shangazi, kama hujawahi kuuguza mtu wa kisukari huwezi kujua pesa inavyokwenda: insulini, sindano, vidonge vya presha, na vile vijiti vya kupimia sukari ambavyo kila ukigeuka vimekwisha. Kwa miaka mzigo huo ulikuwa wangu peke yangu, na mshahara wangu unaujua mwenyewe ukisikia nafanya kazi wapi. Mume wangu ni mwelewa, lakini uelewa wa mume kwa mkwe nao una mwisho wake.

Mwaka jana mdogo wangu akaanza kuniambia, "Dada, mwezi huu usitume, nimeshanunua." Nilimshukuru Mungu. Alisoma diploma ya TEHAMA, kazi hakupata, tukawa tunajua anatengeneza simu za watu na kupiga programu kwenye kompyuta. Akinunua simu nzuri nikasema amejituma. Akiniambia ana "vichaneli" vyake mtandaoni nikadhani ni mambo ya mpira na mikeka ya kubeti kama vijana wenzake.

Pasaka nilikwenda nyumbani. Jioni moja yupo bafuni, simu yake iko kwenye chaji sebuleni, inalia ujumbe mfululizo. Mama akasema, "Hebu angalia, isije ikawa kuna mtu ana shida." Nikaangalia. Umepokea Tsh 3,000. Umepokea Tsh 5,000. Umepokea Tsh 3,000. Kila ujumbe na jina la mwanaume, majina matatu kamili. Juu yake umetokea mwingine wa Telegram: "Mkuu nimelipa, niunge VIP."

Nilifungua, shangazi. Sitaki kueleza. Ni zile video za ngono zilizovuja, koneksheni wanazoziita, na kila moja imeandikwa: huyu mwanafunzi wa chuo fulani, huyu mke wa fulani, huyu muuza duka wa mahali fulani. Kwenye chaneli ya wazi anaweka kipande kifupi chenye ukungu, anayetaka yote analipa na kuunganishwa kwenye kundi la ndani. Ya wazi ina watu zaidi ya elfu kumi.

Vitu vitatu havinitoki kichwani. Cha kwanza, kati ya majina yaliyotuma pesa lipo la baba mmoja wa jumuiya ya mama, mtu anayetuongozea sala. Cha pili, mmoja wa wasichana waliomo namjua. Alikuwa msusi pale mtaani, amemsuka mama mara nyingi tu, halafu akahama ghafla na hakuna aliyejua sababu. Cha tatu, laini inayopokea hizo pesa ni ya mama. Mama mwenyewe aliniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba alikwenda kuweka kidole kwa wakala kwa sababu namba ya NIDA ya mdogo wangu ilikuwa inasumbua.

Nilimvuta nje tukaongea pale bombani. Hakuona aibu. Alisema, "Dada, mimi sijarekodi mtu. Sijamvua mtu nguo. Vitu vimeshavuja, nisipouza mimi atauza mwingine kabla ya saa sita. Na zile insulini kwenye friji unadhani zimetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimerudi Dodoma bado sina jibu. Mume wangu sijamwambia. Nafikiria kumwambia mjomba, lakini mjomba hana kifua. Polisi naogopa. Mama akijua presha itampanda tumpoteze. Na nikinyamaza, basi na mimi nakula humo humo.

Tena kuna swali linaniumiza. Kanisani linalaaniwa, msikitini linalaaniwa, kwenye daladala linalaaniwa, bungeni pia. Sijawahi kukutana na mtu aliyeniambia yeye anaangalia. Sasa hao elfu kumi ni akina nani? Kwa nini kitu kinacholaaniwa na kila mtu kinashamiri namna hii?

Ni mimi,
Dada Mkubwa

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya kwanza ni ya kuuguza, maana naona katika barua yako hata wewe umeipitia haraka kama vile si kitu. Mtu aliyebeba dawa za mzazi peke yake kwa miaka, akapokewa mzigo, halafu akagundua mpokeaji anautoa wapi, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Nikikuelewa vizuri, umefungwa kamba mbili kwa pamoja. Unaona kinachofanywa na mdogo wako ni kibaya na kinaumiza watu, mmoja wao unamjua kwa sura. Na unaona kwamba kukizuia ni kama kumnyang'anya mama sindano mkononi. Juu ya hayo kuna woga wa sheria, woga wa ndugu, na aibu ya kuwa umefaidika bila kujua. Nitaanza na swali lako la mwisho ingawa unaweza kudhani halina haraka, kwa sababu nadhani ndani yake kuna jibu la yale aliyokuambia bombani.

Mwaka 1998, intaneti ikiwa bado changa, mwanasaikolojia mmoja wa Marekani aitwaye Al Cooper aliandika kwamba mambo ya ngono yamepata nguvu mpya mtandaoni kwa sababu tatu: yanapatikana wakati wowote, ni rahisi kwa bei, na mtazamaji anajiona hajulikani. Ondoa hata moja, wengi watakata tamaa. Zamani mtu wa Morogoro aliyetaka kuangalia vitu hivyo ilibidi aingie kwenye kibanda cha video usiku, akae benchi moja na watu watakaomwona kesho sokoni. Leo analala kitandani, bando la mia tano, mwanga wa simu umepunguzwa, mke amegeukia ukutani. Yule anayelaani kwenye daladala na yule anayelipa elfu tatu usiku wanaweza kuwa mtu mmoja, na mchana anapolaani hasemi uongo. Anakichukia kweli. Ndiyo maana hao elfu kumi hujawahi kukutana nao.

Halafu kuna pesa. Tovuti kubwa za ngono zilizoanza miaka ya 2006 na 2007 zilitoa video bure, nyingi zikiwa zimepakiwa na mtu yeyote tu, za kwake au za wizi. Bure hiyo ilikuwa chambo: watu wakijaa, matangazo yanalipa, na wachache kati yao wanavutwa kwenye kurasa za kulipia. Mdogo wako na kile kipande chake chenye ukungu hajabuni kitu. Tazama basi kilichotokea Desemba 2020. Gazeti la New York Times lilichapisha makala kuhusu watoto na wanawake ambao video za kunajisiwa kwao zilikuwa zikizunguka kwenye tovuti ya Pornhub. Waathirika walikuwa wamelalamika kwa miaka wakiambiwa hili na lile. Baada ya makala ile, kampuni za kadi za malipo, Visa na Mastercard, zilikata huduma zao pale, na ndani ya siku chache tovuti ikaondoa mamilioni ya video, zote ambazo aliyezipakia hakuwa amethibitishwa ni nani. Machozi ya miaka hayakufanya kile kilichofanywa na kadi kwa wiki moja. Kila ninaposikia wakubwa wakisema mambo haya hayazuiliki kwa sababu "mtandao ni mpana", nakumbuka wiki ile.

Kwetu njia ya pesa ni fupi zaidi. Haihitaji kadi. Telegram tangu 2015 ina chaneli ambazo mtu anaweza kurushia maelfu ya watu na namba yake ya simu isionekane. Video moja inarushwa kutoka chaneli hii kwenda ile, hailipiwi gharama ya kunakili wala ya kutunza. Pesa inaingia kwa simu. Serikali ikifunga mlango fulani, watu wanawasha VPN, programu ya kuruka vizuizi vya mtandao. Kazi yote inafanyika kwenye kochi la sebuleni.

Lakini kuna jambo moja la koneksheni ambalo nataka ulitazame kwa karibu, kwa sababu wewe mwenyewe umeliandika bila kulisimamia. Umesema kila video ina maelezo: mwanafunzi wa chuo fulani, mke wa fulani. Video za ngono za wageni wasiojulikana zimejaa bure, hakuna anayekosa. Kwa nini basi mtu atume elfu tano? Anatuma kwa sababu huyu anajulikana. Novemba 2024, video za ofisa mmoja wa serikali ya Guinea ya Ikweta zilipovuja, simu za Afrika Mashariki zilijaa utani juu yake kwa wiki nzima, nchi ambayo wengi wetu hatuwezi kuionyesha kwenye ramani. Waliokuwa wanazitafuta hawakuwa na upungufu wa ngono. Walitaka kujua ni mke wa nani. Bidhaa ya mdogo wako ni jina la mtu, na umbeya ndio unaoipandisha bei.

Sasa yapange majina yote katika biashara hii. Mnunuzi anajificha, au anadhani amejificha. Muuzaji anaitwa "Mkuu" tu. Waliobaki wazi ni wanawake wawili: msusi, ambaye jina na mtaa wake ndivyo vinavyouzwa, na mama yako, ambaye kidole chake ndicho kilichosajili laini. Hawa wawili hawakuulizwa.

Naomba nisimame hapo kwenye laini, maana ndiyo sehemu ya barua yako iliyonishtua kuliko zote. Tangu usajili wa alama za vidole ulipokuwa lazima, na laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa Januari 2020, kila namba ina mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia au kusababisha ichapishwe, na adhabu inaanzia faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Picha hizo zikihesabiwa kuwa chafu zaidi, ni milioni 30 au miaka 10. Mimi si wakili na sisemi kwamba mama atafungwa kwa kuweka kidole. Ninachosema ni kwamba siku mmoja wa wasichana wale akipata nguvu ya kwenda kushtaki, akiwa na skrinishoti ya namba aliyolipia rafiki yake, jina litakalotokea kwenye mtandao wa simu ni la mama mwenye kisukari. Sijui kama mdogo wako amelifikiria hilo. Vijana wengi huona laini kama chombo tu, kama chaja ya kuazima. Pengine hii ndiyo mahali pa kuanzia mazungumzo naye, kwa sababu hapa hawezi kusema "atauza mwingine". Mwingine hatatumia laini ya mama yake.

Tuje kwenye hoja zake. "Sijarekodi mtu." Sina uvumilivu nayo sana hoja hii, nikiri. Aliyerekodi atasema alirekodi kwa mapenzi yao wawili. Fundi aliyechota video kwenye simu iliyoletwa kubadilishwa kioo atasema yeye hakupakia. Aliyepakia atasema hakulipwa. Kampuni ya mtandao itasema haiangalii kilichomo. Mtazamaji atasema ameangalia tu. Kila mmoja amefanya kipande kidogo kisafi, na msusi amehama mtaa. "Vimeshavuja" nayo ni kweli nusu. Vilikuwa vimevuja kwa watu fulani. Yeye amevipeleka kwa elfu kumi wengine, wakiwemo wa mtaani kwao msichana, ambao wasingejua.

Ila kuhusu insulini, nataka nikuulize wewe, mwanangu, na usiudhike. Katika pesa anazopata, ni kiasi gani kinakwenda kwa mama? Barua yako inaonyesha zote kama vile zinaishia kwenye friji. Lakini umetaja simu nzuri, na watu wanaolipa kila jioni. Mimi sijui hesabu yake. Wewe je? Inawezekana dawa ni sehemu ndogo, na kazi yake kubwa ni kumfanya asikie vizuri akilala. Inawezekana pia alianza kwa kukata tamaa kabisa, siku ambayo vijiti vya kupimia vilikwisha na wewe hukuwa na cha kutuma, akaona aibu kukuambia. Hizo ni hadithi mbili tofauti za kijana mmoja, na utakavyozungumza naye kunategemea ipi ni ya kweli. Bombani mliongea kwa hasira, hakukuwa na nafasi ya kuuliza.

Ukiamua kuzungumza naye tena, usiende mikono mitupu. Atarudia swali la dawa, tena kwa ukali. Keti na mumeo kwanza, mwambie gharama halisi ya mwezi, kitu kwa kitu. Unasema hujamwambia; sijui unaogopa nini hasa, hasira yake au kuhukumiwa kwa familia yako, ila kubeba hili peke yako ndani ya nyumba mnayolala wawili kuna bei yake pia. Ulizeni kliniki ya kisukari anakotibiwa mama kama kuna msamaha au unafuu anaostahili, ulizieni bima ya afya. Huenda mkapata pengo la shilingi elfu kadhaa ambalo ndugu wanaweza kuliziba, au mkapata pengo kubwa linalotisha. Vyovyote, utakuwa unajua unachomwomba aache kina uzito gani. Na yeye ana ufundi: anajua kukusanya watu, kukata video, kupokea malipo. Wapo wenye maduka wanaolipa vijana kuwaendeshea kurasa zao. Hailipi kama koneksheni, tusidanganyane, na mwanzoni hailipi kabisa. Kijana aliyezoea ujumbe wa "umepokea" kila baada ya dakika chache hatapenda kusubiri mwisho wa mwezi.

Hatari ya mazungumzo ni kwamba anaweza kukuambia ameacha, akafungua chaneli nyingine kwa jina lingine na laini nyingine. Hilo hutaliona. Anaweza pia kukasirika na kuacha kununua dawa ili akukomoe. Nakutajia ili lisikukute huna pa kushika.

Kumwambia mjomba. Umesema mwenyewe hana kifua. Mjomba wa namna hiyo ataita kikao, kikao kitapata watu ambao hukuwaalika, na kabla ya wiki kuisha mama atasikia kutoka kwa jirani. Kuna wazee wanaojua kukaa na kijana chini ya mti wakamgeuza bila kelele, na kama ukoo wenu unaye mmoja, hata kama si mjomba, inafaa kumfikiria. Swali la kujiuliza kabla ya kufungua mdomo kwa yeyote ni kama anatafuta kumsaidia kijana au anatafuta habari.

Ndiyo maana pia naomba uwe mwangalifu na lile jina la baba wa jumuiya. Hukuniuliza ufanye nini nalo, ila umelitanguliza kwenye orodha ya vinavyokuumiza, na naelewa hasira ya kumwona mtu akisimama kutuongoza katika sala. Kulitoa, hata kwa mkewe, hata kwa nia njema, kutakufanya na wewe uwe umepata siri ya mtu kwenye simu na kuisambaza. Inawezekana siku moja ukaona kuna sababu ya kutosha. Leo, ukiwa na hasira hizi, sijui kama ndiyo siku yenyewe.

Polisi. Sitakuambia uende wala usiende. Upo upande unaosema: sheria ipo kwa ajili ya watu kama msusi, na kama kila dada atamficha mdogo wake, nani atashtakiwa? Ni hoja nzito, siwezi kuitupa. Upo upande wa pili: ukishafika hurudi nyuma, miaka 7 ni miaka 7, na njia ya upelelezi itapita kwenye laini ya mama kabla ya kumfikia yeye. Unaweza kutafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria ukauliza bila kutaja majina, ujue hali ya mama ikoje na nini kinabadilika kama laini hiyo itafungwa. Kujua hakukulazimishi kufanya chochote.

Isipokuwa jambo moja ambalo naliweka pembeni na hayo yote. Wewe hujui umri wa kila aliyemo mle, na yeye hajui. "Mwanafunzi" ameandikwa pale kama chambo, lakini anaweza kuwa mwanafunzi kweli, wa miaka kumi na mitano. Kama uliona au ukija kujua kuna mtoto, hapo hatuzungumzii tena siri ya familia. Kifungu cha 13 cha sheria ile ile kinahusu hao, simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Na mdogo wako aambiwe hilo kwa maneno mepesi, kwa sababu wengi wao hawajui kwamba wanalala na kesi ya aina hiyo mfukoni.

Nimemwacha msusi mwishoni, ingawa ndiye aliyenikaa moyoni. Yeye hana barua kwenye safu hii. Kuna kitu kimoja ambacho mdogo wako anaweza kukifanya hata kabla hajakubaliana na wewe juu ya lolote lingine: kuifuta video yake, kwenye chaneli ya wazi na kwenye kundi la ndani, leo. Waliokwisha kuipakua wanayo, na haitarudi. Lakini atakapoifuta atalazimika kumtafuta mtu mmoja kati ya wengi, amtazame kama yule aliyekuwa akikaa kwenye kigoda anamsuka mama. Sijui kitamfanya nini. Anaweza kufuta tu akaendelea.

Kuhusu kumtafuta msichana mwenyewe, nasita. Kuna wanaofarijika kusikia kuna mtu yuko upande wao. Kuna ambao wamejijenga upya mahali pengine na simu yako ndiyo itakayowarudisha pale pale. Kama mna mawasiliano ya kawaida na akafungua mazungumzo yeye, unaweza kumwambia kwamba ipo huduma ya mtandaoni iitwayo StopNCII, ilianza 2021, inayomwezesha mwenye picha kutengeneza alama ya kidijitali ya picha hiyo kwenye simu yake mwenyewe, bila kuituma kwa mtu, ili mitandao iliyojiunga kama Facebook na Instagram iizuie isipakiwe. Haifiki kila mahali, na kwa koneksheni za Telegram msaada wake ni mdogo. Afadhali ajue ilivyo kuliko kupewa matumaini makubwa.

Umesema ukinyamaza na wewe unakula humo. Umekwisha kula, mwanangu, bila kujua, na mama pia, na sioni dhambi katika hilo. Kinachobadilika ni kwamba sasa unajua. Unaweza kunyamaza mwezi mmoja ili upange gharama za dawa. Hiyo ni tofauti na kunyamaza kwa sababu imekuwa rahisi. Wewe ndiye utakayejua ni ipi kati ya hizo unayoifanya, hakuna wa nje atakayeona tofauti.

Jambo la mwisho kabla sijakuacha. Umeandika kwamba mama akijua mtampoteza. Inawezekana, wewe unamjua, mimi simjui. Lakini huyu ni mama aliyezika mume, akalea, anajidunga sindano kila siku, na aliposikia simu inalia akawa wa kwanza kusema isije ikawa kuna mtu ana shida. Laini ni yake, kidole ni chake, dawa ni zake, na msusi alikuwa msusi wake. Katika barua nzima ameangaliwa, amenunuliwa dawa, amefichwa, na sijaona mahali alipoulizwa anataka nini. Ukiniandikia tena, na natumaini utaandika, ningependa kujua unadhani angejibu nini.

Shangazi yako